Marufuku, idhini ya madiwani, kibali cha jaji au kesi: kulinganisha njia za kuwadhibiti polisi wanaotumia ufuatiliaji na akili unde

Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa sheria ya kuwadhibiti polisi wanapotumia kamera zinazotambua sura, programu za kuchambua data na kumbukumbu za minara ya simu haanzi na ukurasa mtupu, kwa kuwa njia kadhaa zimekwisha kujaribiwa. Yapo maeneo yaliyoipiga marufuku teknolojia yenyewe. Yapo yaliyowataka polisi waombe idhini ya madiwani kabla ya kununua chombo. Wapo waliotunga sheria inayoruhusu kwa masharti na kwa kibali cha jaji. Wapo walioziachia mahakama zichore mpaka kesi baada ya kesi. Na wapo walioridhika na miongozo ambayo polisi wamejiandikia wenyewe. Ukizisoma kwenye karatasi, zote zinaahidi jambo lilelile. Mimi huzitenganisha kwa swali moja: ni nani, asiye polisi, mwenye uwezo wa kukataa, na anaweza kukataa katika hatua ipi, kabla ya kununua, kabla ya kutumia, au baada ya mtu kukamatwa? Ulinganisho huu umelishika swali hilo, na haukuzipa njia zote nafasi sawa kwa sababu hazina uzito sawa.

Miongozo ya ndani, na kilichotokea Cardiff

Miongozo ya ndani ni njia nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haihitaji bunge, haihitaji kura, na mwandishi wake ndiye mtumiaji. Udhaifu wake ulionekana vizuri katika kesi ya Bridges dhidi ya polisi wa South Wales, nchini Uingereza. Desemba 21, 2017, polisi hao waliegesha gari lenye kamera katika mtaa wa maduka wa Queen Street, Cardiff, na Edward Bridges akapita karibu nalo. Machi 2018 alikuta tena kamera zao nje ya ukumbi wa Motorpoint Arena, alipokwenda kuandamana dhidi ya maonyesho ya silaha. Mfumo ulifanya kazi hivi: kamera inanasa sura za wapita njia, programu inaigeuza kila sura kuwa tarakimu, tarakimu hizo zinalinganishwa na zile za picha zilizomo katika orodha ya wanaotafutwa, na alama za ufanano zikivuka kiwango kilichowekwa, askari anaonyeshwa picha mbili zikiwa sambamba ili aamue mwenyewe kama ni mtu yuleyule. Sura isiyofanana na yeyote ilifutwa papo hapo. Kwa makadirio yaliyowekwa mbele ya mahakama, sura zipatazo 500,000 huenda zilipitia katika mfumo huo mwaka 2017 na 2018, nyingi mno zikiwa za watu wasiotafutwa kwa lolote.

Bridges alishindwa mara ya kwanza mwaka 2019, kisha Mahakama ya Rufani ikampa ushindi Agosti 11, 2020. Kinachomhusu mwandishi wa sheria ni sababu za ushindi huo. Majaji hawakusema kwamba hapakuwa na kanuni, kwani sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilikuwapo, mwongozo wa kamera za usalama ulikuwapo, na sera za polisi wenyewe zilikuwapo. Walichosema ni kwamba kanuni hizo zote kwa pamoja zilimwachia askari hiari kubwa mno katika mambo mawili, yaani nani aingizwe katika orodha na kamera iwekwe wapi. Aidha, polisi hawakuwa wamechukua hatua za kutosha kujiridhisha kwamba programu haikuwa na upendeleo wa rangi au jinsia, na mtengenezaji hakuwa tayari kufichua data alizoifunzia kwa kuwa aliziita siri ya biashara. Ndiyo kusema, chombo cha umma kilikuwa kinatumia mashine ambayo mwenye nayo hakutaka kueleza ilivyofundwa.

Pamoja na hayo, mahakama haikukubali hoja kwamba ufuatiliaji ule haukuwa na uwiano, wala haikuupiga marufuku, na baada ya sera kuandikwa upya kamera zilirudi barabarani. Kwa hiyo anayechagua njia ya miongozo ajue ananunua nini: maelezo bora ya kile ambacho polisi wamekwisha kuamua kufanya. Miongozo inahitajika katika kila njia, maana hakuna sheria ya bunge itakayotaja urefu wa nguzo ya kamera, lakini ikisimama peke yake hakuna wa nje mwenye uwezo wa kukataa.

Kesi za jinai na kesi za katiba si kitu kimoja

Watu husema kwa wepesi kwamba mahakama zitaweka mipaka, kana kwamba kesi zote ni za aina moja. Tofauti kati ya kesi ya jinai, ambamo mshtakiwa anapinga ushahidi, na kesi ya kikatiba, ambamo sheria yenyewe ndiyo inayohojiwa, ni kubwa kiasi kwamba mimi huzihesabu kuwa njia mbili.

Chukua Carpenter dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Juni 2018 kwa kura 5 dhidi ya 4. Polisi walikuwa wamepata kumbukumbu za minara ya simu za siku 127, zenye nukta 12,898 za mahali mtuhumiwa alipokuwa, bila hati ya upekuzi. Mahakama ilisema kwamba kuchukua kumbukumbu za siku saba au zaidi ni upekuzi na kwa kawaida kunahitaji hati. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa faragha, ila una mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba mahakama ilisema wazi kuwa haiamui juu ya ufuatiliaji wa mubashara, wala juu ya kuchota namba za simu zote zilizokuwa chini ya mnara mmoja, wala juu ya kamera za kawaida za usalama. Wa pili huwashangaza wengi: Carpenter mwenyewe hakunufaika, kwa sababu mahakama ya rufaa ya chini ilishikilia mwaka 2019 kwamba polisi walikuwa wametenda kwa nia njema chini ya sheria waliyoikuta, na ushahidi ukabaki. Wizi uliozaa kesi ulitokea mwaka 2010 na 2011. Mpaka ulichorwa baada ya miaka saba, ukawafaa wengine.

Sasa iweke kando ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya Februari 4, 2021 katika shauri la amaBhungane, kituo cha uandishi wa habari za uchunguzi, lililofunguliwa baada ya mwandishi wa habari kugundua kwamba mawasiliano yake yalikuwa yamefuatiliwa. Hapo mahakama haikuuliza kama ushahidi fulani ukubaliwe. Iliifungua sheria ya udukuzi wa mawasiliano na kuhesabu mapengo yake. Sheria haikumtaka yeyote amjulishe mlengwa hata baada ya ufuatiliaji kwisha, haikulinda vya kutosha uhuru wa jaji anayetoa kibali, haikujali kwamba jaji huyo anasikiliza upande mmoja tu, haikuweka utaratibu wa kutosha wa kuhifadhi na kufuta data, na haikuwa na kinga mahususi kwa mawakili na waandishi. Bunge lilipewa miezi 36 kurekebisha, na kwa muda huo mahakama iliingiza katika sheria wajibu wa kumjulisha mlengwa ndani ya siku 90 baada ya kibali kwisha muda.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi upande wa akili unde iliposhughulikia, Februari 16, 2023, sheria za majimbo ya Hesse na Hamburg zilizowaruhusu polisi kuunganisha hifadhi zao za data na kuzichambua kwa programu. Ilisema kwamba uchambuzi wenyewe ni uingiliaji wa faragha ulio tofauti na ule wa kukusanya data, na kwamba uzito wake unategemea aina na wingi wa data pamoja na mbinu ya uchambuzi inayoruhusiwa. Kifungu cha Hamburg kilibatilishwa, na Hesse ikapewa hadi mwisho wa Septemba 2023 kuandika upya. Hoja hiyo ina thamani hata nje ya Ujerumani, kwa sababu mtetezi wa polisi aghalabu husema kwamba data zilikuwamo mikononi mwao tayari, hivyo hakuna jipya. Jipya lipo, na ni muunganiko wake.

Kama asasi ina fedha za kesi moja tu, basi mbele ya mahakama yenye uwezo wa kuichunguza sheria yenyewe ningechagua kesi ya katiba, na kesi ya jinai ningeiachia wakili wa utetezi aliye na mteja gerezani, ambaye lengo lake halali ni kumtoa mteja huyo na wala si kuchora mipaka ya taifa. Lakini kesi hujibu kilichokwisha kutokea. Jiji la Baltimore, Marekani, liliwahi kurusha ndege zilizopiga picha za jiji kutoka angani mwaka 2020. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliposema Juni 2021 kwamba mpango huo ulivunja katiba, ndege zilikuwa zimekwisha kuacha kuruka.

Marufuku: fimbo kubwa, mpini mfupi

San Francisco ilikuwa jiji kubwa la kwanza la Marekani kuzizuia idara zake, polisi wakiwamo, kutumia utambuzi wa sura, kwa kura 8 dhidi ya 1 ya Mei 2019. Faida yake haipingiki: hakuna kiwango cha kubishania, hakuna orodha ya kuhakiki, na mwananchi anaielewa kwa sentensi moja. Udhaifu wake ulijitokeza kabla mwaka haujaisha, pale baraza lilipolazimika kuirekebisha kwa sababu simu za iPhone walizopewa watumishi zilikuwa zinafunguliwa kwa kutambua uso wa mwenye nazo. Mtu anaweza kucheka, lakini huo ni ushahidi mzuri kwamba marufuku huishi au hufa katika kifungu cha tafsiri ya maneno.

Udhaifu wa pili ni wa kisiasa. New Orleans ilipiga marufuku Desemba 2020, ikailegeza Julai 2022. Jimbo la Virginia liliwazuia polisi wa ngazi za chini mwaka 2021, kisha mwaka uliofuata likawaruhusu kwa masharti, likiwemo la programu kuwa na usahihi wa angalau asilimia 98 katika vipimo vya taasisi ya viwango ya shirikisho. San Francisco kwenyewe, wapiga kura walipitisha Machi 2024 pendekezo lililolegeza baadhi ya kanuni za teknolojia ya polisi. Marufuku hutungwa hasira ikiwa juu na hulegezwa hofu ya uhalifu ikipanda, na ikishalegezwa mara nyingi chini yake hakuna sakafu, kwa kuwa waliopiga marufuku hawakuona haja ya kuandika masharti. Ndiyo maana ninaiona inafaa pale tu teknolojia haijaingia bado, au pale inapowekewa muda maalumu ili sheria kamili iandaliwe. Anayeiandika azibe pia mlango wa jirani: kama polisi wa mji wenye marufuku wanaweza kumpelekea picha askari wa mji wa pili awatafutie, kilichokatazwa ni kumiliki programu tu.

Idhini ya madiwani: njia inayokamata mapema

Kwa swali la hatua, hakuna njia inayofika mapema kuliko hii. Kaunti ya Santa Clara, California, iliianza mwaka 2016, na Oakland ikaifuata mwaka 2018: idara inayotaka chombo cha ufuatiliaji hupeleka kwa baraza ripoti ya athari na sera ya matumizi, umma unasikilizwa, madiwani wanapiga kura kabla ya fedha kutoka, na kila mwaka idara inarudi na ripoti. Oakland ina pia tume ya ushauri ya faragha inayozipitia nyaraka hizo kwanza, na mwananchi anaweza kufungua shauri sheria ikikiukwa. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba hauhitaji kutabiri teknolojia ya kesho; chochote kitakachokuja kitapita mlango uleule.

Lakini tahadhari na mfano wake hafifu. Sheria ya New York ya mwaka 2020 iliwataka polisi wa jiji hilo kuchapisha sera za teknolojia zao na kupokea maoni ya umma, bila kumpa diwani yeyote kura. Sera zilichapishwa mwaka 2021, na mkaguzi mkuu wa polisi hao akabaini mwaka uliofuata kwamba zilitumia lugha ya jumla na kukusanya teknolojia tofauti chini ya sera moja. Tofauti kati ya Oakland na New York ni neno moja katika rasimu, kuidhinisha au kuchapisha. Hata hivyo idhini ya madiwani ina eneo isilofika: ikishatolewa, diwani hayupo usiku ambao jina fulani linaingizwa katika orodha.

Sheria yenye kibali cha jaji

Hapo ndipo sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde, namba 2024/1689, inapostahili kusomwa polepole. Ilianza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, na marufuku zake zikaanza kutumika Februari 2, 2025. Utambuzi wa sura wa mubashara katika maeneo ya umma umekatazwa kwa polisi isipokuwa kwa mambo matatu: kuwatafuta watu waliopotea na waathirika wa utekaji, usafirishaji haramu wa binadamu au unyonyaji wa kingono, kuzuia tishio mahususi na la karibu kwa maisha, au shambulio la kigaidi, na kumtafuta mtuhumiwa wa makosa yaliyoorodheshwa ambayo kifungo chake cha juu hakipungui miaka minne. Hata hapo, kibali cha jaji au mamlaka huru ya kiutawala hutangulia; ikiwa ni dharura ombi hupelekwa ndani ya saa 24, na kikikataliwa matumizi hukoma na data hufutwa. Nchi mwanachama isiyotunga sheria yake ya kuruhusu haina ruhusa. Vilevile ni marufuku kutabiri kwamba mtu atatenda kosa kwa kutegemea wasifu wake pekee, na kuchota picha za watu ovyo kutoka intanetini ili kujenga hifadhi ya sura.

Anayesoma hadi hapo anaweza kudhani amepata rasimu ya kunakili. Aendelee hadi kwenye utambuzi wa baadaye, yaani ule unaofanywa kwenye picha zilizokwisha kurekodiwa, kwa sababu humo masharti yanalegea: kibali kinaweza kuja ndani ya saa 48, na hakihitajiki kabisa pale mfumo unapotumika kumtambua mtuhumiwa kwa mara ya kwanza kutokana na ukweli unaothibitika unaohusiana moja kwa moja na kosa. Mifumo ya polisi husajiliwa katika sehemu ya hifadhi ambayo umma hauioni. Usalama wa taifa uko nje ya sheria nzima. Na sharti la kwamba watu wawili wathibitishe utambuzi kabla ya hatua kuchukuliwa linaweza kuondolewa katika shughuli za polisi.

Ulegevu huo una uzito gani? Mfano mzuri ni Detroit, Marekani. Januari 2020 mwanamume mmoja alikamatwa mbele ya mkewe na binti zake kwa wizi wa saa za mkononi uliofanyika dukani mwaka 2018, akashikiliwa takriban saa 30. Programu ilikuwa imelinganisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya zamani ya udereva. Polisi kisha waliandaa gwaride la picha sita, wakampa mfanyakazi wa ulinzi achague. Mfanyakazi huyo hakuwapo dukani siku ya wizi, alikuwa ameiona video ileile tu. Hivyo mashine ilichagua kwa picha, na shahidi akaithibitisha mashine kwa picha hiyohiyo. Utafutaji wa namna hiyo ni utambuzi wa baadaye, wa mara ya kwanza, kwa kosa lililothibitika. Ungeweza kupita katika tundu la msamaha wa Ulaya bila jaji kuuona. Kinga inayobaki ni kifungu kinachokataza uamuzi wenye madhara ya kisheria kwa mtu kuchukuliwa kwa kutegemea matokeo ya mfumo pekee, na polisi wa Detroit wangejibu kwamba hawakutegemea mfumo pekee, gwaride lilikuwapo.

Maafikiano yaliyomaliza kesi hiyo Juni 2024, pamoja na fidia ya dola 300,000, yanaliona tatizo kwa jicho kali zaidi. Polisi wa Detroit hawawezi kukamata kwa utambuzi wa sura peke yake, na wala hawawezi kukamata kwa gwaride la picha lililotokana moja kwa moja na utambuzi huo bila ushahidi mwingine wa kujitegemea. Kesi za tangu 2017 zilipaswa kukaguliwa upya, na mahakama ina uwezo wa kuyasimamia kwa miaka minne. Yanafunga idara moja tu, ya mji mmoja, kwa muda. Lakini kwa uandishi wa kifungu, ningenakili Detroit kabla ya Umoja wa Ulaya.

Ipi basi?

Ikiwa chombo hakijanunuliwa, idhini ya baraza au ya bunge kabla ya fedha kutoka ndiyo inayolipa zaidi kwa jasho dogo, na marufuku ya muda inaweza kuitangulia. Ikiwa kimekwisha kununuliwa na kinatumika, sheria yenye kibali cha jaji ndiyo ya kupigania, mradi kibali kiguse pia utafutaji wa picha za zamani, kwa maana picha nyingi za ushahidi hufika kituoni zikiwa tayari zimerekodiwa. Bunge lisipotaka, kesi ya katiba dhidi ya sheria iliyopo huweza kulilazimisha kwa tarehe ya mwisho, kama ilivyokuwa Afrika Kusini na Hesse.

Katika njia yoyote kati ya hizo vipo vifungu viwili ambavyo mimi huviandika kwanza, kabla hata ya tafsiri ya maneno, kwa kuwa vikikosekana vingine havipati wa kuvisimamia. Cha kwanza ni wajibu wa kumweleza mshtakiwa kwamba mashine ilitumika na ilivyotumika. Mahakama ya rufaa ya New Jersey iliamua mwaka 2023 kwamba utetezi una haki ya kupewa taarifa za programu iliyomtambua mshtakiwa na namna ilivyoendeshwa. Cha pili ni kile cha kumjulisha mlengwa ndani ya siku 90, cha Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, kwa ajili ya yule ambaye hakushtakiwa kwa lolote, ambaye sura yake au simu yake ilifuatiliwa, faili likafungwa, na ambaye bila barua hiyo hatakuwa na sababu hata ya kwenda kumwona wakili.